Make-A-Wish: huduma inayomuuliza mtoto mgonjwa anataka nini

Make-A-Wish ni shirika la hisani linalowatimizia matakwa watoto wanaougua maradhi mazito, na lilizaliwa hapahapa Phoenix, Arizona, ninakoishi. Mimi huitwa kuwa mkalimani wa kujitolea pale familia inayotembelewa inapozungumza Kiswahili, na katika mji huu nyingi ya familia hizo ni za wakimbizi waliotoka mashariki mwa Kongo. Tathmini yangu basi inatoka sebuleni kwa watu hao. Niseme mapema kwamba naipenda huduma hii kwa dhati, na kwamba sehemu yake bora ni ile isiyopigwa picha, yaani mazungumzo na mtoto kabla ya jambo lolote kupangwa.

Wengi wanaolisikia jina la shirika hili hudhani kwamba linawahudumia watoto waliokwisha kukatiwa tamaa. Dhana hiyo ina chimbuko lake. Mwaka 1980 Chris Greicius, mvulana wa miaka 7 aliyekuwa na saratani ya damu, alitamani kuwa askari polisi. Tarehe 29 Aprili maofisa wa Idara ya Usalama wa Umma ya Arizona wakamrusha kwa helikopta na kumwapisha kuwa ofisa wa heshima, kisha akashonewa sare ya kipimo chake. Alifariki tarehe 3 Mei. Mama yake, Linda Bergendahl-Pauling, pamoja na askari wa pikipiki Frank Shankwitz, walikuwa miongoni mwa walioanzisha shirika kutokana na tukio hilo. Ni historia yenye kuliza, lakini imewafanya watu waamini kwamba kila mtoto anayefikiwa anaagwa. Kigezo cha leo ni ugonjwa unaohatarisha maisha, kama daktari anayemtibu mtoto atakavyothibitisha, na watoto wengi wanaotimiziwa matakwa hupona na kukua. Mvulana wa miaka 5 ambaye mji wa San Francisco ulimgeuzia barabara zake kuwa uwanja wa Batman, shujaa wa katuni na filamu, mnamo Novemba 2013 alikuwa amekwisha kumaliza tiba ya saratani ya damu.

Uzito wa dhana hiyo niliuona katika nyumba moja ambako aliyempendekeza mtoto kwa shirika, mtu wa hospitali ambayo sitaitaja, hakuwa amewaeleza wazazi maana ya ziara yenyewe. Tulikaribishwa vizuri, chai ikaletwa, na wafanyakazi wawili wa kujitolea wa shirika, niliofuatana nao, wakaketi kwenye zulia pamoja na mtoto. Mama mwenye nyumba akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini: “Ndugu yangu, niambie kweli. Daktari amewaambia hawa nini ambacho hakutuambia sisi?” Nikawatafsiria wageni neno kwa neno. Mmoja wao aliweka kalamu chini, akamjibu yeye mwenyewe, akimtazama mama usoni huku mimi nikifuatia: kwamba hawana habari yoyote ya siri, kwamba hata mtoto anayeendelea vizuri anastahili, na kwamba wako tayari kusubiri azungumze na daktari wake kwanza ikiwa atapenda. Yule mama alivuta pumzi, akasogeza kiti karibu.

Baada ya hapo niliona kazi halisi. Kijana alipoulizwa anataka nini, baba alijibu kwa niaba yake: kompyuta, kwa ajili ya masomo. Wageni walilipokea jibu hilo kwa heshima, hawakubishana na mzee mbele ya watoto wake, ila wakampa kijana karatasi na kumwomba achore siku ambayo angependa kuiishi. Akachora kinanda chenye vibonye vyeusi vingi kuliko vyeupe, na nyuma yake safu ya watu wenye midomo wazi. Ilikuwa kwaya ya kanisa lao. Aliulizwa nani anapiga, anapiga wimbo gani, nani amesimama mbele, na kwa kila swali sauti yake ikazidi kupanda. Baba mwenyewe ndiye aliyesema mwishoni, “Basi, andikeni kinanda.” Mtoto ambaye kwa miezi mingi huamuliwa saa ya dawa, saa ya sindano na hata chakula cha kula, hapa aliulizwa yeye, akasubiriwa, na jibu lake likaandikwa kama alivyolitoa. Kaka na dada zake nao waliulizwa majina na mambo wanayopenda, jambo ambalo kwa familia zetu lina maana kubwa, kwa kuwa ugonjwa wa mmoja huwanyima wengine wazazi wao.

Matakwa kwa kawaida huwa ya kupata kitu, kwenda mahali, kuwa mtu fulani, kukutana na mtu, au kumpa mwingine. Safari za Florida ni maarufu mno, na familia nyingi hufikia Give Kids the World, kijiji cha mapumziko kwa familia za watoto wagonjwa, kilichoko Kissimmee katika jimbo hilohilo. Henri Landwirth, mwenye hoteli aliyenusurika kambi za Wanazi, alikianzisha mwaka 1986 baada ya msichana mmoja kufariki kabla mipango ya safari yake haijakamilika.

Je, kuna faida ya kiafya? Utafiti wa hospitali ya watoto ya Nationwide, iliyoko Columbus, Ohio, ulilinganisha watoto 496 waliotimiziwa matakwa na 496 ambao hawakutimiziwa, ukakuta kwamba wa kundi la kwanza walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kupunguza kulazwa kusikopangwa. Nauchukulia utafiti huo kwa uangalifu, kwa kuwa ulitegemea kumbukumbu za nyuma na haukuwagawa watoto kwa bahati nasibu. Hata bila takwimu hizo ningeipendekeza huduma hii.

Mapungufu yapo. Mtoto hupata fursa moja tu, na aliyekwisha kutimiziwa na shirika jingine la aina hii hakubaliwi. Matakwa ya kukutana na mtu mashuhuri hutegemea nafasi ya mtu huyo, na safari husubiri ruhusa ya daktari, kwa hiyo kungoja kunaweza kuwa kurefu na kwa mtoto mgonjwa hilo ni jambo zito. Kwa familia ya wakimbizi, ndoto ya kumtembelea bibi ng'ambo hukwama kwenye hati za kusafiria, na ni afadhali mzazi alijue hilo kabla mtoto hajaanza kuhesabu siku.

Kwa mzazi aliyeko Marekani, utaratibu ni mwepesi. Mtoto awe ametimiza miaka 2 na nusu na hajafikisha 18. Anaweza kupendekezwa na mzazi, na daktari au muuguzi wake, au ajipendekeze mwenyewe. Familia haitozwi hata senti, hivyo yeyote anayedai ada kwa jina la shirika akataliwe. Ombeni mkalimani tangu simu ya kwanza, na msikubali mtoto mwenyewe au kaka yake ageuzwe mkalimani wa mazungumzo yanayomhusu.