Steshenari za Darajani na Mlandege kwa anayerudi kutafuta kazi: waachie skana, CV andika mwenyewe

Aliyekaa nje ya ajira miaka saba au minane, akilea watoto au akifanya kazi Maskati, akirudi kutafuta kazi Unguja huishia kwa kijana wa kompyuta. Steshenari hizi zimejaa Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe. Kwa kazi ya mashine wanastahiki sifa: wanaskani, wanaunganisha kurasa kuwa PDF moja, na Zan Ajira, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali Zanzibar, wameuzoea. CV usiwape waitunge.

Tatizo ni kiolezo. Duka zima hutumia faili moja la Word, na mteja mpya huandikwa juu ya aliyepita. Jina na simu hubadilishwa, chini panabaki "napenda kuangalia mpira" na wadhamini wawili usiowajua. CV ya Asha hufika hotelini ikiitwa "CV Juma mpya 2". Tena kiolezo chenyewe ni cha kijana aliyemaliza chuo juzi: elimu juu, kazi chini, miaka imepangwa kama ngazi. Mwenye pengo akiwekwa humo, pengo ndilo linalosomeka mwanzo. Wako wanaoliziba kwa kurefusha tarehe za kazi ya zamani. Mwajiri akipiga simu kule, mambo yamekwisha.

Nenda na karatasi uliyoiandika nyumbani. Juu mistari mitatu ya unachokiweza, kisha kazi kuanzia ya karibuni, na pengo kwa mstari mmoja kama lilivyo: "2016–2023: malezi ya familia, niliuza keki kwa oda na kutunza hesabu zake." Aliyekuwa Maskati ataje kazi aliyoifanya na Kiarabu alichokipata. Kurasa mbili zinatosha. Wadhamini wapigie kwanza, maana wa zamani huenda ameshastaafu au amehama.

Kabla ya kuskani, tandaza vyeti vyote usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha skuli kina "Mwanaisha Khamis Juma", Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina "Mwanaisha Khamis Haji": dukani watapakia vyote viwili na hawatakwambia neno. Tofauti hiyo inataka hati ya kiapo, kwa wakili au mahakamani, na ni bora uwe nayo kabla tangazo halijatoka. Karatasi ya matokeo usiitegemee mahali pa cheti. Matangazo ya serikali mara nyingi huikataa waziwazi. Aliyesomea nje ya nchi anahitaji vyeti vyake vitambuliwe, shahada na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), sekondari na Baraza la Mitihani (NECTA), na hilo halimaliziki siku moja.

Kwenye skana, taka rangi na dpi 200, yaani kipimo cha ukali wa picha. Wakiweka 600 faili linakuwa zito, mfumo unalikataa, halafu wanalibana mpaka muhuri unageuka doa. Fungua PDF hapo hapo, ikuze, usome nambari ya cheti. Haisomeki? Irudiwe. Cheti kilichopigwa picha kwa simu chini ya taa ya duka, kivuli cha mkono juu yake, usikikubali hata kwa bure.

Linaloumiza zaidi ni barua pepe. Duka likikusajili kwa anwani yao, au kwa neno la siri wanalolijua wao, wito wa usaili unakwenda kwao. Fungua ya kwako, kwenye simu yako. Ile ya zamani huenda haipo tena: tangu Disemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi zilizolala miaka miwili. Laini ya simu vile vile, ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na nambari ikapewa mtu mwengine.

Bei elewaneni kabla, kwa ukurasa au kwa kazi nzima, na marekebisho yawemo. Dai faili la Word pamoja na PDF, la sivyo kila ukibadilisha mstari unalipa upya. Simama pale mpaka wafute skani za kitambulisho chako kwenye kompyuta yao. Hili wengi hawaliulizi, na mafolda ya wateja yamelala wazi kwenye skrini.

Wanaotaka kazi za hoteli Nungwi na Kiwengwa watengeneze makaratasi wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zikiwa zimefunga au zimepunguza watu, ili CV ifike kabla msimu wa Juni haujaanza. Kwa kazi za serikali, usingojee siku ya mwisho ya tangazo: foleni inafika barazani na mfumo unasuasua, na ikiangukia Ijumaa, duka linafungwa kwa sala.