Klabu ya maigizo ya watoto: nyota 4, ya tano bado

Jamani, binti yangu nilimpeleka shingo upande, nikijua ni michezo tu ya kumlia muda wa hesabu. Nimeumbuka. Mwalimu hawapi maneno ya kukariri, anawapa hali tu, mfano mmegombana na mlango umejifunga mko ndani wawili, haya endeleeni, sasa hapo usipomsikiliza mwenzako igizo linakufa palepale, ndo maana huyu aliyekuwa anakatiza kila mtu nyumbani siku hizi anasubiri umalize (si kila siku, tusidanganyane). Halafu wanabadilishana nafasi, leo wewe ndo mwonevu kesho unaonewa, juzi karudi ananiuliza "mama, kwani yule mwonevu naye anaogopa nini?" nikabaki kimya.

Kasoro ipo, watoto wengi mwalimu mmoja, wenye aibu wanaishia kubeba viti vya jukwaani. Hilo warekebishe.

Shuleni kwao kipindi cha sanaa kilifutwa eti mitihani kwanza, ila wazazi kadhaa tumeshaandika barua kirudishwe, na kamati tumeialika ije ione onyesho la mwisho wa muhula. Viti vya mbele tumewawekea.