Trekta na mashine ya kurusha theluji: uzoefu wangu huku Tug Hill

Kwa wale mnaoishi vijijini huku kaskazini mwa New York na mmechoka na chepe, hii kitu nunueni. Sisi tuko Tug Hill, mashariki ya Ziwa Ontario, upepo ukikatiza lile ziwa unazoa unyevu wote unakuja kutumwagia theluji, msimu mmoja kufika mita 5 ni kawaida tu, na njia yangu kutoka barabarani mpaka nyumbani ni ndefu halafu ya kokoto. Zamani nilikuwa nasukuma na bledi, lile bamba la chuma la kusukumia theluji, shida ni kwamba ukisukuma huiondoi unairundika tu pembeni, ikifika Januari kuta zimeganda kushoto na kulia, njia imebana na huna tena pa kuisukumia. Hii inairusha huko mbali shambani, biashara imeisha.

Yangu inafungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na PTO, yani ile shafti ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, mizunguko 540 kwa dakika. Skrubu kubwa inakusanya theluji, feni inaitupa nje kupitia bomba. Sasa hapa ndo pa kuzingatia: injini iache ivume mpaka PTO ifike hiyo 540 halafu mwendo wa trekta ndo upunguze, maana ukipunguza mafuta ili uende taratibu feni inakosa nguvu na bomba linaziba, hasa ile theluji ya Machi iliyolowa. Ndo maana trekta ya haidrostati, yani inayosukumwa kwa presha ya oili, ni raha, mwendo unaucheza kwa pedali na PTO haiguswi. Likiziba zima PTO, zima na injini, subiri kila kitu kisimame kabisa, zibua kwa kijiti. Mkono usiingize jamani, hata na glavu, watu wamepoteza vidole hivyohivyo.

Ubaya wake unaendesha rivasi muda wote, shingo inauma kweli, na usipoangalia upepo unatokea wapi theluji yote inakurudia usoni. Za kufunga mbele zipo ila bei imechangamka.

Kingine ni zile bolti za skrubu. Zimetengenezwa laini makusudi, jiwe likinasa bolti inakatika, giaboksi inapona. Ikikatika usiweke bolti ngumu yoyote uliyookota gereji, utakuja kununua giaboksi. Mimi natembea nazo kwenye trekta pamoja na spana, maana zinakatikia palepale mwisho wa njia, greda la barabara linapoacha tuta gumu lenye mawe na vipande vya barafu. Na mwanzo wa msimu, kabla kokoto hazijaganda, shusha vile viatu vya pembeni, yani vyuma ambavyo mashine inatelezea chini, ili mashine ipande kama inchi moja hivi, la sivyo utarusha kokoto hadi kwenye madirisha.

Saizi: hesabu hospawa 5 kwa kila futi ya upana, yani trekta ya 25 chukua ya futi 5, na lazima ifunike upana wa matairi.