Friji yangu inapasha chakula: uzoefu wangu na kozi ya kulipia ya themodinamiki

Nilikusudia kuipa kozi hii nyota tatu na kwenda zangu. Kabla ya kuandika nikaona nifungue kwanza lile jibu nililopewa na msaidizi wao, nisije nikamsingizia mtu. Nimelisoma, na hasira imerudi mbichi kama siku ile. Nyota tatu tuziweke pembeni kwanza.

Ni kozi ya video ya themodinamiki, elimu ya joto na kazi, kwa wahandisi. Ina mwalimu mmoja, kijitabu cha majedwali cha kupakua, na maswali ya mazoezi. Jina silitaji. Tangazo lao lilisema ni ya "anayeanza kabisa", na ndiyo sababu nikalipa.

Sura za mwanzo hazina neno. Tatizo limekaa kwenye sura ya friji, na ni swali ambalo kila anayesoma somo hili hukutana nalo kwa namna moja au nyingine: gesi ya R-134a, mzunguko bora wa kinadharia, evaporeta (inakovuta joto la chakula) kwenye presha ya 0.14 MPa, kondensa (inakolitupa nje) kwenye 0.8 MPa. Tafuta joto linaloondolewa ndani ya friji kwa kila kilo ya gesi, kisha tafuta COP, yaani joto hilo kugawa kwa kazi ya kompresa. Mwalimu anaandika enthalpia (kwa lugha nyepesi, nishati inayobebwa na kila kilo) ya gesi inapoingia kwenye kompresa: 239.2 kJ/kg. Inapotoka: 275.4. Halafu anatazama saa (kweli, inaonekana kwenye video) na kusema kimiminika kinachotoka kwenye kondensa tukitafute wenyewe kwenye kijitabu. Nikakitafuta. Kijitabu kinasema 243.6.

Joto linaloondolewa ni enthalpia ya gesi inayoingia kwenye kompresa kutoa ya kimiminika hicho. Haya, toeni wenyewe. 239.2 kutoa 243.6 ni hasi 4.4. Maana yake ni kwamba friji yangu haitoi joto kwenye chakula, inaliingiza! Kompresa inanguruma, umeme unakwenda, na chakula kinapashwa polepole. COP nayo hasi. Nikarudisha video nyuma, nikahakiki mstari wa jedwali, nikahakiki presha, nikahakiki vizio. Kila kitu kiko sawa na jibu ni upuuzi.

Nikauliza kwenye sehemu yao ya maswali, kwa adabu zote: habari za kazi mwalimu, samahani kwa usumbufu, naomba unielekeze, picha ya ukurasa hii hapa. Zikapita siku. Aliyejibu hakuwa mwalimu, ni msaidizi, wala salamu yangu hakuitikia. Namnukuu neno kwa neno: "Soma jedwali vizuri. Kozi hii haikuandaliwa kwa mtu asiyejua kutoa." Kisha akalifunga swali na kulipiga alama ya kijani: limetatuliwa.

Limetatuliwa na nani?

Hilo la kutukanwa ningelimeza. Walimu wakali tumewaona, na wengine wao ndio waliotufundisha. Lakini mkali wa aina hiyo kwanza anaangalia daftari lako, ndipo anakufokea. Huyu hakufungua hata picha. Angeifungua angeona kwa sekunde kumi kwamba kijitabu chao na video yao havitoki kwenye mfumo mmoja.

Maelezo yenyewe ni haya, bure, kwa yeyote aliyekwama palepale. Enthalpia unayoisoma kwenye jedwali haina sifuri yake ya asili. Watu wamekubaliana tu pa kuanzia kuhesabu, na kwa gesi za friji hawakukubaliana wote. Majedwali yanayofuata ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na ubaridi, hukipa sifuri kimiminika kilichojaa (kilicho ukingoni mwa kuchemka) cha nyuzi −40 za Selsiasi. Yanayofuata IIR, taasisi ya kimataifa ya ubaridi, hukipa kimiminika kilichojaa cha nyuzi 0 thamani ya 200 kJ/kg. Kwa R-134a, namba za mfumo mmoja zinazidi za mwingine kwa takriban 148. Video ilitumia ule wa kwanza na kijitabu ule wa pili. Ukibaki kwenye mfumo wa video, kimiminika kile ni kama 95.5, joto linaloondolewa ni 143.7 kJ/kg, kazi ya kompresa ni 36.2, na COP inakaribia 4. Ukichukua zote kwenye kijitabu unapata jibu lilelile, kwa sababu tunachotumia ni tofauti kati ya namba mbili, na ile 148 inajifuta yenyewe. Entropia, kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika, nayo ina mchezo huohuo: sifuri upande mmoja, 1 kJ/kg·K upande wa pili.

Dakika mbili za video zingetosha. Sentensi moja juu ya kijitabu ingetosha!

Na mimi sikulijua hilo kutoka kwao. Nililikuta kwenye WebBook ya NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ambayo haidai hata senti. Kabla haijakupa namba za gesi yoyote inakuuliza unataka mfumo upi, na ASHRAE na IIR zote zimo kwenye orodha. Niliona orodha ile nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kitu cha bure kinakuuliza swali la maana, cha kulipia kinakuuliza kama unajua kutoa.

Sasa niseme na la haki, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Somo lao la entropia ni zuri kuliko lolote nililowahi kulisikiliza. Mwalimu anachukua chanzo cha joto cha kelvini 600, anakiacha kivujishe kilojuli 600 kwenda kwenye mazingira ya kelvini 300. Chanzo kinapoteza entropia ya 1 kJ/K, mazingira yanapata 2, kwa hiyo 1 imezaliwa njiani. Anazidisha hiyo 1 kwa 300 na kupata kilojuli 300. Halafu anafuta ubao, anaweka injini ya Carnot, ile bora kabisa isiyopoteza chochote, kati ya joto lilelile, anauliza ingetoa kazi kiasi gani. Nusu ya 600. Kilojuli 300! Ile kazi ambayo hatukuipata ndiyo entropia iliyozaliwa, ikizidishwa kwa joto la mazingira. Nilisimamisha video nikainuka kitini. Kwa somo lile pekee ningetoa nyota nne, tano hata, na kama ningeandika maoni siku ile mngenisoma nikiwasifu.

Nashuku ndivyo zilivyopatikana zile nyota tano nyingi walizo nazo. Kwenye sura ya mvuke wa maji huwezi kuliona tatizo, kwa sababu majedwali ya maji kwa kawaida huanzia sehemu moja: kimiminika cha kwenye nukta ya utatu (barafu, maji na mvuke vinapokaa pamoja), nyuzi 0.01. Mtu anafurahi, anaandika maoni, sura ya friji bado hajaifika.

Anayetaka kulipia kozi yoyote ya namna hii, asianze na video ya utangulizi. Fungua majedwali yao ya R-134a, tazama mstari wa kimiminika kilichojaa cha nyuzi 0. Ukikuta 200, ni IIR. Ukikuta kama 52, ni ule wa −40. Halafu tazama mfano wao mmoja uliokokotolewa uone kama namba zake zinatoka humohumo. Na uliza swali moja kabla hujalipa, la kijinga kwa makusudi, usome watakavyokujibu.

Juzijuzi wamenitumia barua pepe ya kuninadia sehemu ya pili kwa punguzo, inaanza na "Ndugu mwanafunzi, maoni yako ni hazina kwetu." Nikaingia kuangalia kama hazina yangu imefanyiwa kazi. Kijitabu kina jalada jipya. Ndani, 243.6. Kwenye video, 239.2, na mwalimu bado anatazama saa.

Nyota moja. Somo la entropia nimelihifadhi, mengine yote nimeyafuta.