Mikro za Seymour Duncan na waya mupya ndani ya gita ya Squier: faida iko wapi kweli

Nianze na bei juu njo kitu mutu anaulizaka mbele: mikro tatu za gita (vile vinashika sauti ya nyuzi) za Seymour Duncan SSL-1 zinapita dola 200, na hapa Lubumbashi sijazionaka mu duka, lazima mutu akuletee ndani ya valizi. Kwa ile makuta unapata gita nzima ya Chine. Juu ya nini sasa niziweke ndani ya Squier Affinity?

Juu mbao na shingo ya ile gita sina shida nayo, ubaya ilikuwa ndani. Mikro zake za kiwandani zilikuwa za sumaku ya seramiki, zinapiga kwa nguvu lakini sauti ya juu inakwaruza, seben (ile sehemu ya gita na ya kucheza) ikipanda na solo ikifika kule chini ya shingo zile nyuzi nyembamba zinakata masikio badala ya kuimba. SSL-1 ziko na sumaku za alnico 5, moja moja kwa kila uzi na urefu hailingane, mutindo wa Stratocaster ya miaka ya 1950. Sauti inatoka safi, ukigusa polepole inajibu polepole, ukikaza inakaza. Nguvu haiko mingi, mwenye kupiga roki nzito aziache tu.

Ile ya katikati niliomba iwe ya kugeuza, ni kusema waya imeviringwa kinyume na sumaku pia imegeuzwa, hivi ukichanganya mbili (pozisyo ya 2 ao ya 4 ya selekteri, ile swichi ya kuchagua mikro) kelele ya kura (umeme) inajifuta yenyewe. Mi-solo yangu yote niko napigia mu ya 4 sasa, noti zinasikika moja moja hata kama kuna gita ingine, sinti na konga zinapigana pale mbele. Lakini ukirudi ku mikro moja ile "mmmm" ya hertz 50 iko palepale, na SNEL (kampuni ya umeme) ikikata kura, kanisa ikawasha jenereta, inazidi. Asikudanganye mutu kama bei kubwa inaiondoa, ni ile kelele njo ilifanya Seth Lover wa Gibson akatengeneza humbucker, mikro ya koili mbili zenye kufuta kelele, mu 1955.

Sasa waya, na hapa njo nilishangaa. Potansiometri (zile za kuzungusha volume na tone) za zamani zilikuwa zile ndogo, ukishusha volume toka 10 mpaka 4 hakuna kitu kinabadilika, halafu mara moja sauti inakufa. Tuliweka za marke CTS za 250k (kiloohm 250) na selekteri mupya, na sasa napunguzaka volume kwa kidole wakati mwimbaji anaingia, narudisha wakati wa seben, bila kugusa ampli. Zote zinagharimu kidogo sana kuliko mikro. Msichukue za 500k kwa mikro za single coil (za koili moja) kama hampendi sauti ya kuchoma, zile ni za humbucker. Na kondansateri (kapasita ya tone), tuliweka ya mikrofaradi 0.022 ya kawaida tu, bantu wanauziana zingine bei ya ajabu lakini tone ikiwa wazi kabisa utofauti sijausikia.

Kitu moja hawakuambiake: CTS ni nene kuliko zile za Chine, matundu ya plake (ile plastiki ya mbele ya gita) hayaenee lazima kupanua, na vifungo vya zamani havikamate ku zile meno zake. Nunueni vifungo palepale.

Kazi alifanya fundi mumoja wa Katuba (komini ya Lubumbashi), muzee wa radio na ampli, jina naliacha juu nitamulalamikia kidogo. Nilimuuliza, "Papa, gita utaiweza?" akacheka, "Mwanangu, radio iko na waya mingi kupita hii." Na kweli, kusude kwake (kuunganisha waya na eteni, ile risasi ya kuyeyusha) ni safi, eteni inang'aa, masi ya brije (waya inashika ile chuma ya kufungia nyuzi) imekamata nguvu. Alitaka kufunika ndani ya gita na aluminium ya jikoni juu ya kuzuia kelele, nikakataa juu eteni haishikake pale, tukatumia karatasi ya shaba ya gundi. Ile nayo inatoka ngambo, sisi wa Katanga tunaagiza shaba!

Malalamiko yangu: alikawisha sana, matundu alipanua na limu (tupa) bila huruma mpaka plake ikapata mikwaruzo, tena alirudisha gita mikro zimepanda karibu ziguse nyuzi. Sumaku ikikaribia hivi inavuta uzi munene, noti inayumba na gita haiakordike kule juu. Yeye akasema nyuzi njo mbaya. Nilichukua turnevisi (bisibisi) nikazishusha, ukibana freti ya mwisho ibaki kama milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande mwingine, ikatulia.

Na kama ukigusa mikro ya kuimbia mdomo unapigwa kura, ile haiko kazi ya gita, ni ampli ao sono haina tere (waya ya kushuka mu udongo), itafutie fundi wa kura mbele ya kupiga tena.

Mwenye hana dola 200, aanzie ku potansiometri, selekteri na karatasi ya shaba, mikro zitakuja nyuma. Kwa ile muzee nitarudi, ila plake nitapanua mwenyewe.