Maktaba ya Mkoa Tanga: uzoefu wangu nikiandika hadithi ya mkonge

Kama msomaji nimeizoea maktaba hii tangu zamani. Ni lile jengo la katikati ya mji, lililojengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Ila faida yake hasa niliiona nilipoanza kuandika hadithi ya kambi ya mkonge.

Simu ilishanipa yale ya juujuu: Mjerumani Richard Hindorf alileta miche mwaka 1893, ikapona 62 tu. Sawa, lakini hadithi haiendi kwa hayo. Nilitaka kujua manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, alifikaje kambini, nani alimwandikisha, mshahara aliupataje. Nikaenda kwenye rafu ya 967.8, ndiyo namba ya historia ya Tanzania. Kitabu nilichokifuata hakikunifaa. Kilichonifaa ni cha pembeni yake, ambacho nisingekitafuta popote kwa kuwa sikujua kama kipo. Humo nikakuta habari za Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, iliyoanza 1944, na za kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, ambayo ikijaa ndipo mtu alilipwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti meza ileile akachungulia daftari langu.

"Unaandika habari za manamba, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yangu alikuwa manamba. Basi andika na hili: siku uliyoumwa haikuhesabiwa. Mwezi unaisha, kipande chako bado."

Tukatoka nje tusiwakere wenzetu, akanieleza korona, mashine ya mkonge, inavyonguruma ikichakata majani, na maji yake yanavyonuka. Sura yangu ya pili yote imetoka kwa yule mzee. (Kumbe na yeye hufuata magazeti tu, kununua kila siku haiwezekani.)

Kwa wapenda riwaya, nendeni 896.392, fasihi ya Kiswahili. Vitabu vyetu vina tabia mbaya: vikiisha dukani, mara nyingi ndiyo basi, mchapishaji harudii. Ukikikosa kitabu dukani, jaribu rafu hiyo kabla hujakata tamaa.

Na sisi tunaotaka kuchapisha tukumbuke kuwa namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyohiyo inayosimamia maktaba za mikoa. Usimlipe mtu wa kati kabla hujauliza huko.

Nalinganisha na maktaba nyingine niliyowahi kuitumia, mji siutaji, ambako vitabu vizuri vilifungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Mkutubi anapokuacha upekue mwenyewe, nusu ya kazi ya mwandishi imekwisha.

Maktaba hii ya Tanga haimfai anayetaka kupiga soga au kuongea na simu. Ada na masharti ya kuazima ulizia mezani, hubadilika. Beba daftari na kalamu. Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia wanafunzi hujaa, kwa hiyo ukitaka kiti cha dirishani wahi asubuhi, mlango unapofunguliwa tu.