Dagaa, sombe na sahani ya jirani: mgahawa wa akina mama wa Kikongo na Kirundi, Kirumba

Mgahawa huu hauna bango wala jina lililoandikwa popote. Ukiuliza Kirumba utaelekezwa tu "kwa Wakongo", ingawa wawili kati ya wanawake watano wanaouendesha ni Warundi, na mmoja wao amekwisha kunisahihisha mara mbili kuhusu jambo hilo. Upo kwenye mteremko wa kushukia mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, chini ya jiwe kubwa kama yale yaliyofanya Mwanza iitwe Jiji la Miamba. Una paa la bati, meza sita, mabenchi ya mbao na jiko la nje. Nimekuwa nikila hapo kwa zaidi ya miaka mitano, na ni haki msomaji ajue mapema kwamba nina deni la shukrani kwa wanawake hawa, nitakalolieleza mbele, ili ayapime maneno yangu akilijua hilo.

Nianze na dagaa, kwa kuwa ndio kipimo cha mpishi yeyote wa ukanda huu. Kila aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaijua adha ya dagaa walioanikwa mchangani: unatafuna, jino linakutana na mchanga, hamu yote inakwisha. Hapa sijawahi kukutana na punje hata moja. Akina mama hawa hununua dagaa walioanikwa kwenye chanja, hata bei inapokuwa juu, huwatoa vichwa, huwaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kisha huwakaanga bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo wanapowatia kitunguu, nyanya, mawese ya Kigoma na ndimu. Mawese ndiyo yanayoleta tofauti. Sisi tuliozoea mafuta ya alizeti tunaweza kushtushwa na harufu yake siku ya kwanza, lakini siku ya pili utayatafuta. Sahani ya dagaa na ugali ni shilingi 2,500, na ugali unaongezwa bila malipo ukiomba.

Sombe, ambayo huku tunaiita kisamvu, hutwangwa kwenye kinu palepale uani na kupikwa asubuhi nzima pamoja na karanga mpaka majani yalainike kabisa. Ugali wake ni wa muhogo, wenyewe wanauita bugali, na Msukuma aliyelelewa kwa ugali wa udaga hatajiona mgeni mezani. Maharage kwa ndizi ya Kirundi ni mazuri pia. Sato wa mchuzi, kwa shilingi 6,000, ni wa kawaida tu. Sioni sababu ya kumfuata hapa wakati anapatikana vizuri zaidi kwingine.

Kasoro zipo. Upepo ukibadilika, moshi wa kuni unaingia moja kwa moja kwenye meza mbili za mwisho. Pilipili yao inasagwa pamoja na mbegu, na anayehudumia huiweka pembeni ya sahani bila kuuliza, kwa hiyo sema mapema. Kuanzia saa sita na nusu utasubiri, wakati mwingine nusu saa nzima, kwa kuwa wapishi ni haohao wanaohudumia na kuosha vyombo. Tena orodha ya chakula hufuata mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa hiyo ukifika siku hizo ukiwataka dagaa wabichi wa kukaanga utaambiwa urudi wiki ijayo. Hili la mwisho mimi siliiti kasoro, lakini nimeona wageni wakiondoka wamenuna.

Sasa nieleze huduma ambayo hutaiona ukiketi tu na kula. Karibu na sufuria kuna daftari la jalada gumu, na mteja anayelipia chakula chake anaweza kuongeza shilingi 1,500 kwa ajili ya "sahani ya jirani". Inawekwa alama moja ya kalamu, bila jina. Jioni zile alama zinahesabiwa, na idadi hiyohiyo ya sahani inatoka kupelekwa kwenye nyumba ambazo akina mama wanazijua: mjane mwenye miguu inayovimba, kijana aliyeanguka kwenye jengo, binti aliyejifungua wiki hiyo. Mlipaji hajui sahani yake imekwenda wapi, na mlaji hajui imetoka kwa nani. Nimewahi kuona michango mingi ya mtaani iliyoharibika kwa sababu majina yalisomwa kwa sauti, mtoaji akajivuna na mpokeaji akaona haya kupita njia ileile kesho yake. Mpango huu umelifikiria jambo hilo kwa kina, na ulifikiriwa wakati wa shida yenyewe.

Wanawake hawa hawakuja Mwanza kufungua mgahawa. Walikuwa wafanyabiashara wa dagaa, wakinunua Kirumba Mwaloni, soko ambalo mzigo wake huvuka hadi Kongo, Burundi na Rwanda, na kuupeleka kwao kwa malori. Watatu walitoka Uvira, wawili Gatumba, miji miwili inayotazamana kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mmoja upande wa Kongo na mwingine upande wa Burundi. Tarehe 16 Machi 2020 nchi yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na mwezi huohuo nchi jirani zikafunga mipaka kwa abiria. Mzigo uliruhusiwa kwa masharti, lakini mfanyabiashara mdogo anayesafiri na magunia yake hakuwa na njia. Magunia yao yakabaki Kirumba, yamejaa chumba kizima cha kupanga, nao wakabaki pamoja nayo.

Wakati huohuo masika yalikuwa makubwa kupita kiasi. Ziwa lilizidi kupanda, na kufikia Mei 2020 lilikuwa limefika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Majirani zetu wa ukingoni walihamisha magodoro na vyombo kidogo kidogo, wakipanda mteremko hatua kwa hatua kila maji yalipowafuata. Wanawake wanaoishi kwa kuanika dagaa wakakosa pa kuanika, na hata walipopapata jua halikuwapo, na dagaa wasiopata jua huoza kwa siku moja tu. Mimi nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Hoteli za Ulaya zilipofungwa na ndege zikaacha kuja, tuliambiwa tukae nyumbani mpaka tutakapoitwa. Hatukuitwa kwa miezi mingi, na hakuna aliyetulipa kwa miezi hiyo.

Katikati ya Aprili habari ziliwafikia akina mama hawa kwamba mafuriko yameikumba Uvira na kuua watu, na kwamba maji ya mto Rusizi yamezifunika nyumba za Gatumba. Hawakuweza kwenda kuzika wala kuokoa kitu. Yule mkubwa wao, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama, aliwahi kunieleza kwamba usiku ule walilia pamoja hadi alfajiri, na kulipopambazuka walisikia watoto wa nyumba ya jirani wakilia pia, wao kwa njaa. Wakafungua gunia la kwanza.

Unga waliununua kwa fedha ya likelemba, ndiyo upatu wao, ambayo zamu yake ilikuwa imfikie mmoja wao aliyetaka kununua cherehani. Aliiacha. Hawakuweka sufuria barabarani na kuita watu wapange foleni. Kwanza ulikuwa wakati wa kuogopa misongamano, na zaidi ya hapo walijua wenyewe, kwa kuwa walikwisha kupanga foleni za namna hiyo maishani mwao, jinsi mtu mzima anavyojisikia akisimama na bakuli mbele ya macho ya watu. Badala yake waliwatuma watoto wao nyumba hadi nyumba na hotpoti zilizofunikwa kitambaa, kama mama yeyote anavyompelekea jirani chakula siku ya sikukuu. Na kwa kuwa huku kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kila nyumba ilitafuta cha kurudisha: fungu la kuni, ndoo ya maji, konzi ya chumvi, michembe kidogo, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyobaki ghalani. Mama mkwe wangu, Msukuma wa Magu asiyependa kupokea kitu cha mtu, alirudisha hotpoti yenye mbegu za maboga, akamwambia mtoto, "Wabeja sana, mjukuu wangu." Kesho yake mtoto alileta mboga ya majani ya maboga kutoka kwa jirani mwingine. Hivyo sufuria ile iliendelea hata baada ya magunia kwisha, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa ukiilisha bila kujiona kuwa unasaidiwa.

Nyumba yetu ilipokea hotpoti hiyo kwa miezi miwili na siku kadhaa. Hilo ndilo deni langu.

Mipaka ilipofunguliwa, wawili walirudi kwao kutazama kilichobaki, kisha wakaja tena. Biashara ya magunia haikuwa imesimama vizuri, na watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kuzoea mkono wao, ndipo walipoweka meza na kuanza kuuza. Ukila dagaa wale na kushangaa jinsi sahani ya shilingi 2,500 inavyoweza kushibisha na kupendeza, kumbuka kwamba upishi huu ulikomazwa na miezi ya kulisha watu wengi kwa kitoweo kimoja. Kila mbinu ya ndimu, ya karanga, ya kukaanga bila mafuta ilitafutwa ili watoto wasichoke kula kitu kilekile kila siku.

Ninachowaomba akina mama ni wamwajiri mtu wa kuosha vyombo, kwa sababu Mama amezeeka na mgongo unamsumbua, na wateja tupo tayari kulipa shilingi mia mbili zaidi kwa sahani. Nimemwambia. Alicheka, akasema "Aksanti, mama," na akaendelea kusugua sufuria.

Wanafungua saa nne asubuhi, na sombe huwa imekwisha kabla ya saa nane. Jumapili hawapiki mpaka watoke kanisani. Ukitaka kuchukua chakula cha nyumbani watakuazima hotpoti bila rehani, na utairudisha siku yoyote ya wiki hiyo. Ya kwangu niliirudisha juzi ikiwa na ndimu sita za mti wetu, na jioni yake nilizikuta kwenye dagaa.